Ukungu Huzuiwa Kiangazi



Msikilizaji wangu wa Nsemulwa, na wewe uliyeko popote ndani ya Mkoa wetu wa Katavi, leo nataka tuzungumze habari za nyumba, na hasa unyevu na ukungu ndani ya nyumba. Najua wapo mtakaoshangaa. Huu ni mwezi wa Agosti. Vumbi limetanda barabarani, majani yamekauka, mvua ya mwisho tumeshaisahau, halafu mtu anakuja redioni kuzungumzia unyevu. Nimeuchagua wakati huu makusudi. Ukungu huonekana Januari na Februari, lakini anayetaka kuuzuia hufanya kazi yake sasa, wakati udongo ni mkavu, ukuta ni mkavu, mafundi wanapatikana, na fedha ya mahindi na tumbaku haijaisha mfukoni. Ukisubiri mpaka doa jeusi litokee ukutani, mwaka huo umeshachelewa. Utabaki kufuta na kupaka, kufuta na kupaka, na doa litarudi palepale.

Sisi wa Katavi tuna msimu mmoja mrefu wa mvua. Huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili. Wenzetu wa Dar es Salaam wana vuli na masika, na katikati yake jua hurudi na ukuta ukapata nafuu. Hapa kwetu ukuta ulioloa Desemba unaweza kukaa na maji yake mpaka Mei. Miezi yote hiyo tunalala pembeni yake, watoto wanaupumulia, na magunia ya chakula yanauegemea.

Kuna jambo la pili linalonifanya niseme haya leo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika mkoa huu. Sensa ya 2022 ikahesabu watu 1,152,958. Ndani ya miaka kumi tumekuwa zaidi ya mara mbili. Watu hao wote wanahitaji pa kulala, ndiyo maana ukipita Nsemulwa huachi kuona tanuru la matofali linafuka moshi, msingi mpya umechimbwa, bati jipya linang'aa. Ni jambo la kushukuru. Lakini nyumba nyingi zinajengwa kwa haraka na kwa fedha inayopatikana kidogokidogo, na fedha ikipungua, kinachoachwa kwanza ni kile ambacho mgeni hatakiona: nailoni juu ya msingi, gata kwenye paa, mtaro pembeni ya nyumba. Mlango mzuri utanunuliwa. Marumaru za sebuleni zitatafutwa. Nailoni itaachwa, na miaka miwili baadaye nyumba nzuri itaanza kunuka uvundo.

Sasa tuelewane kuhusu ukungu wenyewe. Ukungu ni kuvu. Mbegu zake ni ndogo mno, hazionekani kwa macho, na zimo hewani kila mahali, ndani na nje, kiangazi na masika. Hakuna mtu anayeweza kuzimaliza. Mbegu hizo zikitua mahali penye chakula na maji, huota. Na chakula chake ni vitu vya kawaida kabisa: karatasi, mbao, nguo, ngozi, gundi, hata vumbi lililoganda kwenye rangi. Chakula hicho huwezi kukiondoa nyumbani. Kilichobaki mikononi mwako ni maji. Kitu kilicholowa kikikauka ndani ya siku moja au mbili, kuvu haipati nafasi. Kikikaa na unyevu wiki nzima, umeipa makazi.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukiona ukungu nyumbani kwako, swali la kwanza lisiwe dawa gani ipakwe. Swali la kwanza liwe: maji haya yanatoka wapi? Ukijua yanakotoka, umeshafanya nusu ya kazi. Hapa kwetu yanaingia kwa njia tatu: chini ya ukuta, kwenye bati, na kutoka kwetu sisi tunaoishi ndani.

Nianze na chini ya ukuta, maana hapo ndipo nyumba nyingi za Nsemulwa zinapoharibikia. Tupige hesabu kidogo. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, inatoa lita moja ya maji. Chukua nyumba ya kawaida yenye paa la mita 10 kwa mita 8. Hizo ni mita za mraba 80. Mvua kubwa ya mchana mmoja inaweza kufika milimita 50. Paa hilo litakuwa limepokea lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita ishirini. Kama nyumba haina gata, ndoo zote hizo zinamwagwa chini ya kuta zako, mia upande huu na mia upande ule, ndani ya saa chache. Kesho yake mvua inarudi.

Ukitoka hapo ulipo, zunguka nyumba isiyo na gata uitazame kwa makini. Chini ya ncha ya bati utaona mfereji mwembamba uliochimbwa na matone, umenyooka kama umepimwa kwa kamba. Udongo kati ya mfereji huo na ukuta umeliwa, na mawe ya msingi yameanza kuonekana. Juu yake, ukutani, mpaka usawa wa goti, kuna matope mekundu yaliyorukia wakati matone yanapiga ardhi. Sasa ingia ndani, usimame upande wa pili wa ukuta huohuo. Usawa uleule wa goti, rangi imebambuka. Lipu inatoa unga mweupe. Ukiugusa kwa kidole unabaki mkononi. Hiyo ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka ardhini. Maji yamekauka usoni mwa ukuta, chumvi imebaki. Ukuta wako unanyonya maji toka chini kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa.

Dawa ya jambo hili ni rahisi sana kwa anayejenga sasa. Juu ya msingi, kabla ya kupanga kozi ya kwanza ya tofali za ukuta, inalazwa nailoni nzito inayokata njia ya maji kupanda. Nailoni hiyo ikae angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Ikiwekwa chini ya hapo, matope yakirukia yatairuka na kuingia ukutani juu yake. Chini ya jamvi nako itandikwe nailoni, juu ya kifusi kilichoshindiliwa, kabla ya kumwaga zege. Ukilinganisha na gharama ya nyumba nzima, fedha ya nailoni ni ndogo. Lakini ukishapandisha ukuta bila nailoni, kuja kuiweka baadaye ni kazi ngumu na ya gharama kubwa. Nafasi yako ni siku ile fundi anapomaliza msingi. Uwepo siku hiyo. Uione kwa macho yako.

Na tofali lenyewe lichaguliwe. Tunajua sote kwamba ndani ya tanuru matofali hayaivi sawa. Ya katikati huiva, ya pembezoni hubaki mabichi. Chukua mawili uyagonganishe. Lililoiva hulia kwa sauti kali, kama chuma. Bichi hutoa sauti nzito iliyokufa. Ukitaka uhakika zaidi, litumbukize tofali kwenye ndoo ya maji jioni, ulitazame asubuhi. Bichi litakuwa limelegea kingo, limeacha tope ndani ya ndoo. Tofali za namna hiyo usizipange kozi za chini wala ukuta unaopigwa na mvua. Kila msimu wa mvua tunasikia habari za kuta zilizoangukia watu wakiwa wamelala, na ukuta wa namna hiyo mara nyingi umeanza kulegea chini muda mrefu kabla ya usiku ule wa kuanguka.

Vipi sisi ambao nyumba zimeshasimama na nailoni hazina? Kazi ipo, na inafanyika sasa hivi. Ondoa udongo wote uliolundikana ukutani, ushushe ardhi ya nje iwe chini ya usawa wa jamvi lako. Kama kuna bustani ya maua iliyoegemea ukuta, ihamishe. Kama maji ya bafuni yanatokea kwenye tundu na kutuama chini ya dirisha la chumba, yachimbie njia yaende mbali. Zungushia nyumba ukanda wa zege ulioinamia nje, usiopungua upana wa sentimita 60, ili matone yapige hapo na kuteleza. Uwezo wa zege usipokuwepo, shindilia changarawe kwa mwinamo uleule. Kisha mtaro, na mtaro uelekee kwenye mfereji wa mtaa. Usiuelekeze kwa jirani, maana ukuta wake nao ni ukuta. Ukiweza kufunga gata, funga, uelekeze maji kwenye pipa au simtanki yenye mfuniko, mbu wasije wakazaliana humo. Maji yaliyokuwa adui wa ukuta yatafua nguo na kumwagilia mchicha.

Baada ya hapo, uache ukuta ukauke. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Watu wengi wakiona rangi imebambuka, humwita fundi aje apige lipu nzito ya saruji na rangi ya mafuta juu yake, wakati ukuta bado umejaa maji. Saruji nzito na rangi ya mafuta huyafungia maji ndani. Maji hayatokomei, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na mwakani doa lililokuwa usawa wa goti utaliona usawa wa kiuno. Wenzetu wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanalijua jambo hili. Majumba yao ya mawe ya matumbawe yalijengwa na kupigwa lipu kwa chokaa, na chokaa huruhusu ukuta upumue. Saruji ilipokuja kutumika kuyakarabati, ikawa inayafungia maji ndani ya kuta za kale. Nasi kwetu, ukuta wa udongo au wa tofali la kuchoma unaosumbuliwa na unyevu unafaa chokaa kuliko rangi ya mafuta. Chokaa ni rahisi, ukuta unapumua, na ukali wake huizuia kuvu isiote kwa urahisi.

Njia ya pili ni bati. Hii ni fupi, ila usiipuuze. Mchana jua likiwa kali, ingia ndani, funga milango na madirisha yote, utazame juu. Kama hakuna dari, kila tundu litajionyesha kwa nuru yake. Weka alama kwa chaki. Angalia misumari: ile yenye mpira, mpira ukikauka na kupasuka, maji hupita. Angalia kofia ya paa na mahali bati mbili zinapopandana. Kumbuka pia kwamba maji hayadondoki lazima pale yalipoingilia. Hutambaa juu ya papi, na pengine yakadondokea mita mbili mbele. Kwa nyumba yenye dari, doa la kahawia kwenye dari ni taarifa. Usilipake rangi, panda juu ulitafute tundu. Na wanaoezeka mwaka huu wahakikishe upenu unatoka nje ya ukuta vya kutosha, nusu mita na zaidi. Upenu mfupi unaokoa vipande vichache vya bati na kuupoteza ukuta.

Njia ya tatu ni sisi wenyewe. Kila mtu akipumua hutoa mvuke. Chungu kikichemka hutoa mvuke. Nguo mbichi ikianikwa chumbani, maji yote yaliyomo huenda hewani. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi. Ikigusa kitu cha baridi, mvuke hugeuka maji. Ndiyo maana asubuhi unakuta matone chini ya bati, watu husema bati limetoa jasho, na mengine yameangukia blanketi. Ndiyo maana ukungu hupenda kona ya chumba na nyuma ya kabati. Mahali hapo hewa haipiti, ukuta ni wa baridi, na mvuke ukitua haukauki.

Tazama chumba kimoja cha kupanga, kama vilivyo vingi hapa mjini. Kuna kitanda, kabati limebanwa ukutani ili nafasi ipatikane, chini ya kitanda kuna sanduku, na pembeni magunia mawili ya mahindi. Dirisha moja. Baba, mama na watoto watatu. Februari, livute kabati hilo mbele. Ubao wake wa nyuma umejaa madoa ya kijani na kijivu. Viatu vya kwendea kanisani au msikitini vimeota manyoya meupe. Fungua sanduku: bahasha ya vyeti imevimba, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimegandana na kadi ya kliniki, na ukivitenganisha wino unabaki upande mmoja. Hiyo ni hasara ya kweli kwa familia. Itakula nauli, siku za kazi na foleni za ofisini kuvipata upya. Basi kabati lisogezwe japo upana wa kiganja kutoka ukutani. Sanduku lisikae juu ya sakafu; liinuliwe kwa tofali mbili. Vyeti vitiwe kwenye mfuko wa nailoni mzito unaofungika, viwekwe juu.

Dawa kubwa ya mvuke ni hewa kupita. Nasema kupita, iingie huku na kutokea kule. Dirisha moja peke yake halitoshi kama mlango umefungwa na matundu ya juu ya ukuta yamezibwa. Najua kwa nini yamezibwa. Yamezibwa matambara kwa sababu ya mbu, na hakuna anayeweza kumlaumu mama wa Katavi kwa kumkinga mwanawe na malaria. Lakini tambara likizuia mbu, linazuia na hewa. Nunua wavu wa dirishani, ukate vipande, upigilie kwenye matundu yale. Mbu abaki nje, hewa iingie. Madirisha yafunguliwe mvua ikikatika, asubuhi jua likishapanda, na yafungwe kabla jua halijazama, mbu hawajaanza kutoka. Nguo zianikwe nje, au barazani chini ya paa mvua ikizidi. Chungu kikichemka ndani, mlango uwe wazi. Godoro lisilale sakafuni. Na kila jua litokapo, lisimamishwe upande lipigwe na hewa.

Na hapa natoa onyo kwa uzito wote. Mtu asiingize jiko la mkaa chumbani ili kukausha unyevu au kuondoa baridi kisha akafunga mlango akalala. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Inaua watu usingizini. Ni afadhali ukuta ubaki na unyevu wake kuliko familia isiamke.

Pengine kuna anayejiuliza: ukungu ni doa tu, mbona nalikuza hivi? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo, na lilichosema ni wazi: wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu wana hatari kubwa zaidi ya maradhi ya njia ya hewa, na pumu yao huzidi. Watoto wadogo, wazee, wenye pumu na wenye kinga dhaifu ya mwili ndio wanaoumia zaidi. Kikohozi kisichoisha, mafua ya kila wiki, kifua kubana usiku, macho kuwasha: mtoto akiwa hivyo msimu mzima, mpeleke kituo cha afya, na ukifika umweleze daktari hali ya chumba mnacholala.

Uingereza kulikuwa na mtoto aliyeitwa Awaab Ishak. Wazazi wake walitoka Sudan, wakawa wanaishi nyumba ya kupanga mjini Rochdale. Baba yake aliripoti ukungu kwa wenye nyumba mwaka 2017. Akaambiwa apake rangi juu yake. Awaab alifariki Desemba 2020, muda mfupi baada ya kutimiza miaka miwili. Novemba 2022 ofisa wa kisheria anayechunguza vifo alitamka kwamba mtoto yule aliuawa na maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kuishi muda mrefu kwenye ukungu ndani ya nyumba yao. Nchi nzima ilishtuka. Mwaka 2023 Bunge la huko likapitisha sheria, na kipengele kilichopewa jina la mtoto huyo, kilichoanza kutumika Oktoba 2025, kinawabana wenye nyumba za kijamii kuchunguza na kurekebisha ukungu wenye hatari ndani ya muda maalumu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Rangi juu ya ukungu ni kuficha maradhi.

Kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi nasi, kwa kuwa sisi ni wakulima na wengi wetu ghala letu ni chumba tunacholala. Gunia la mahindi au karanga likiwekwa juu ya sakafu yenye unyevu na kuegemezwa ukutani, hunyonya maji yaleyale. Humo huota kuvu zinazotoa sumukuvu. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu. Watu 68 waliugua na 20 kati yao walifariki. Kenya mwaka 2004 wagonjwa walikuwa 317 na waliofariki 125. Sumu hii haiishi kwa kupika. Ugali hauisafishi. Kinga yake ni kukausha na kuinua. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, tia mahindi kiasi na chumvi iliyokaushwa vizuri, utikise, uache dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Isipoganda, unyevu wake umeshuka chini ya asilimia 15, yako karibu, yaongezee jua kabla ya kuyahifadhi. Kisha magunia yakae juu ya chaga la mbao, mbali na ukuta, na nafasi ya hewa kupita chini yake.

Sasa neno kwa wenye nyumba wanaopangisha. Ndugu zangu, ni kawaida mpangaji akilalamika ukungu kuambiwa kwamba ni uchafu wake, hafungui dirisha, anapika ndani. Mengine ni kweli na nimeyasema. Lakini mpangaji hakuacha nailoni kwenye msingi. Mpangaji hakujenga chumba chenye dirisha moja. Maji yanayopanda kutoka ardhini na yanayoshuka kutoka kwenye bati ni jukumu lako, na fedha ya kodi inatosha kununua misumari yenye mpira na kuchimba mtaro kabla ya Novemba. Wewe mpangaji nawe, usinyamaze mpaka ukuta uharibike. Mwonyeshe mwenye nyumba mapema, mkae mzungumze, mgawane kazi.

Kwa ambao tayari wana ukungu ukutani, usiusugue ukiwa mkavu, maana utazitawanya mbegu chumba kizima. Toa watoto nje, fungua dirisha, jifunge kitambaa puani na mdomoni, vaa glavu au mfuko wa nailoni mikononi. Lowesha kwa maji ya sabuni, sugua, suuza, kausha. Kwenye sakafu ya saruji au marumaru unaweza kutumia dawa ya klorini ya kufulia, robo lita kwa lita nne za maji, isizidi. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya chooni. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Ila ukumbuke kwamba kwenye ukuta wa tofali klorini haifiki ndani, na doa litarudi kama maji yenyewe hayajazuiwa.

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Redio ilisema, na majembe yakafanya kazi. Naamini jambo hilo bado linawezekana hapa Nsemulwa. Mtaa mmoja ukikubaliana Jumamosi moja kufungua mifereji yake, maji ya kila mwenye nyumba yatapata pa kwenda. Mtaro wa mtu mmoja usipokuwa na mwisho hausaidii.

Kwa hiyo nawaomba mambo machache kabla ya mwezi wa Oktoba kwisha. Anayejenga, asimruhusu fundi kupanga kozi ya kwanza bila nailoni. Mwenye nyumba, panda juu uangalie bati na misumari, kisha ushuke uchimbe mtaro. Mpangaji, sogeza kabati, zibua matundu uweke wavu, inua magunia. Na wewe unayenisikiliza ukiwa umekaa barazani, inuka sasa hivi uzunguke nyumba yako mara moja, uone maji ya mvua ya kwanza yatapita wapi.